Maswali na majibu: Mazungumzo ya mchana kuhusu mambo ya kale

Tangu tuanze mazungumzo ya akiolojia kila Jumatano saa saba mchana, chuoni kwetu hapa Mtwara, maswali hayaishi. Leo najibu machache.

Mimi si mwanafunzi, nauza samaki sokoni. Naruhusiwa kuingia? Kuna kiingilio?

Karibu sana, dada yangu. Ni bure. Njoo na chakula chako, hata ming'oko ya kuchemsha, kula huku unasikiliza. Ukichelewa ingia tu, hakuna atakayekugeukia.

Mwezi wa Ramadhani inakuwaje?

Tunasogeza hadi baada ya alasiri, na chakula hakiingii ukumbini. Ijumaa hatupangi kabisa, mwaka mzima.

Mwalimu, nalima nje kidogo ya Mikindani. Kila nikipalilia naona vigae vya vyungu vyenye michoro. Nivikusanye nije navyo?

Usivikusanye, ndugu yangu. Piga picha kikiwa palepale, weka kalamu pembeni ili ukubwa uonekane, kisha njoo na simu yako. Kigae kilicho mahali pake kinasema kimelala na nini: mkaa, mifupa ya samaki, shanga. Kikishaingia kwenye mfuko, hayo yote yamepotea. Tena toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji ili ifike kwa watu wa Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka hivyo, na inakataza kuchimba bila leseni.

Ila macho hayakatazwi, kwa hiyo nikueleze cha kutazama. Kama ni kipande cha mdomo wa chungu, sisi hukisimamisha juu ya karatasi yenye duara nyingi, kubwa kwa ndogo, tukakisogeza mpaka mkunjo wake ulingane na duara mojawapo. Hapo tunajua chungu kizima kilikuwa na mdomo mpana kiasi gani. Masizi kwa nje, maana yake kilikaa mekoni. Pembetatu zilizochorwa chini ya mdomo, udongo ukiwa bado mbichi, mara nyingi hutupeleka karne ya 7 hadi ya 10, wakati vyungu vya mtindo huo vilikuwa vimeenea pwani yote, toka Kenya hadi Msumbiji. Utafiti wa mwanaakiolojia Matthew Pawlowicz huko kwenu Mikindani umeonyesha jambo linalonifurahisha sana: baadaye, Kilwa ikizidi kustawi, wafinyanzi wa Mikindani hawakuifuata. Mitindo yao ilielekea bara. Kwa hiyo shamba lako lina habari yake lenyewe, si mkia wa habari ya Kilwa.

Mtazungumzia mijusi ya Tendaguru? Niko kidato cha tatu, Lindi.

Mwanangu, mifupa ile ya dinosaria ina miaka milioni 150 hivi, na binadamu hakuwepo. Wanaoisoma ni wataalamu wa viumbe vya kale, si sisi. Hata hivyo siku moja tumeitenga kwa ajili ya Tendaguru, kwa sababu ya watu. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale kwa mikono ya mamia ya watu wa huku, na mizigo ikabebwa vichwani hadi bandari ya Lindi. Mjusi mkubwa kuliko wote waliotoka pale, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, amesimama Berlin hadi leo. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 mjusi mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kisayansi la kumuenzi, *Australodocus bohetii*. Liandike daftarini jina hilo, ukawaambie wenzako.

Mimi ni mzee wa Kilwa. Tangu ujana wangu naona wageni wanachimba, wanajaza masanduku, wanaondoka. Mazungumzo yenu yatatufaa nini?

Shikamoo mzee wangu. Malalamiko yako ni ya haki, na ndiyo yaliyotufanya tuanze. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Kilwa Kisiwani miaka ya 1960, matokeo yakatoka 1974, juzuu mbili za Kiingereza. Mtoto wa Kilwa Masoko anavuka kwa mashua hadi Husuni Kubwa, anaona lile bwawa la pembe nane, na hana wa kumwambia kwamba ni jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331.

Sasa tunamwomba kila mtafiti anayepita Lindi au Mtwara azungumze kabla ya kuondoka, kwa Kiswahili. Faida si yetu peke yetu. Kwenye magofu ya Songo Mnara, watafiti Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher walikuta sarafu na vijiwe karibu na makaburi. Mtafiti atazihesabu na kuzichora mahali zilipo, lakini namna mtu anavyozuru kaburi la mzee wake, anachokiacha pale na kwa nini, hilo linahitaji wazee kama wewe wawepo wakati jambo linajadiliwa, si baada ya kitabu kutoka.

Najua Kilwa hadi Mtwara ni mbali. Nimeomba chuo tuje huko barazani kwenu baada ya msimu wa korosho, na sitaacha kuomba.

Nimepangiwa kuzungumza dakika 20. Nina slaidi 60, zote za Kiingereza. Nifanyeje?

Mdogo wangu, bakiza tano: ramani, picha ya shimo, vitu vitatu. Kama utataja kaboni 14, sema tu kwamba iko katika kila kilichowahi kuishi, kikifa inapungua nusu kila miaka 5730, na kilichobaki ndicho kinachopimwa ili kujua umri. Zungumza dakika 15, zilizobaki waachie wauliza maswali. Na ule kabla hujaja, maana wao watakuwa wanakula na wewe hutapata nafasi.