Maswali na majibu: Majaji wa Marekani waliulizwa nini hasa?

Barua nyingi ninazopokea zinaanza na "Mahakama ya Juu ya Marekani imesema", kisha zinataja jambo ambalo Mahakama haikulisema. Watu wanaacha kazi, wanakacha tarehe za kesi na kuvunja mipango ya ndoa kwa kutegemea sauti iliyozungushwa kwenye kundi la WhatsApp. Nimechagua maswali machache. Kila mara nitarudi palepale: majaji waliulizwa nini? Walichoulizwa ndicho walichojibu, na hawajibu zaidi ya hapo.

Mke wangu ana mimba ya miezi saba, wote tuko kwa viza ya masomo. Nasikia Mahakama ya Juu imefuta uraia wa kuzaliwa kwa kesi ya CASA. Ni kweli? (Baba mtarajiwa, Dallas)

Kesi ya CASA, shirika la kutetea wahamiaji lililoishtaki serikali, haikufuta kitu hicho. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump alitia saini amri inayosema mtoto anayezaliwa Marekani hatatambuliwa kuwa raia ikiwa mama yake hana kibali, au yumo nchini kwa muda tu, na baba si raia wala mkaazi wa kudumu. Kwa maneno hayo, ninyi mngeguswa. Majaji wa ngazi ya chini waliizuia amri kwa nchi nzima. Serikali ilipopanda Mahakama ya Juu haikuuliza kama amri ni halali. Iliuliza kama jaji mmoja wa wilaya anaweza kuizuia kwa watu wote, hata wasiokuwemo kwenye kesi. Tarehe 27 Juni 2025 majaji 6 dhidi ya 3 walijibu swali hilo tu. Jaji Amy Coney Barrett aliandika kwamba zuio la namna hiyo huenda linavuka mamlaka ambayo Bunge liliwapa majaji tangu Sheria ya Mahakama ya 1789. Kuhusu Marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayobeba uraia wa kuzaliwa, hawakuamua neno.

Mlango wa kesi za kundi, ambamo wachache hushtaki kwa niaba ya wote wenye hali kama yao, ulibaki wazi. Tarehe 10 Julai 2025 Jaji Joseph Laplante wa New Hampshire aliwaweka watoto wanaoguswa katika kundi moja na kuizuia amri kwa ajili yao. Desemba 2025 Mahakama ya Juu ikakubali kulisikiliza suala lenyewe la uraia. Hiyo ndiyo kesi ya kufuatilia, pamoja na hukumu ya 1898 ya Wong Kim Ark, mtoto wa wazazi Wachina aliyezaliwa San Francisco na kutambuliwa kuwa raia.

Mtoto akizaliwa, chukueni cheti chake mapema, na tunzeni nakala za viza zenu na rekodi za kuingia nchini. Kwa maoni yangu uamuzi wa CASA umewaumiza wanyonge: kinga ya haraka sasa inamfikia kwanza mwenye wakili, na asiye na wakili anasubiri kundi la kumsemea.

Jaji Sotomayor ameandika kwamba hakuna haki iliyo salama. Hiyo ndiyo sheria sasa? (Msomaji, Arusha)

Hapana. Aliandika hayo katika maoni pinzani ya kesi hiyohiyo ya CASA. Maoni ya upande ulioshindwa hayamfungi mtu. Yasome, yana uzito wake, lakini usiyapeleke popote kama hukumu.

Shikamoo mwandishi. Karatasi niliyopewa ya kuitwa mahakama ya uhamiaji haikuwa na tarehe wala saa. Baadaye ilikuja barua nyingine yenye tarehe. Jamaa anayetujazia fomu anasema karatasi ya kwanza ilishafutwa na Mahakama ya Juu, kwa hiyo nisiende. (Kijana kutoka Bukavu, sasa Portland, Maine)

Marahaba. Nenda. Nimeshalijibu swali hili na bado linarudi, na linaniuma kwa sababu wanaoangamia ni watu wenye hoja nzuri za kuomba hifadhi.

Huyo jamaa amesikia nusu ya habari. Katika kesi ya Pereira ya 2018 na ya Niz-Chavez ya 2021, swali lilihusu hesabu ya miaka. Kuna nafuu ya kuzuia kufukuzwa inayomtaka mtu asiye na grini kadi awe amekaa Marekani miaka 10 mfululizo, na hati ya wito iliyokamilika husimamisha hesabu hiyo. Majaji walisema hati isiyo na tarehe na saa haiisimamishi. Ushindi mzuri, lakini kwa swali hilo.

Tarehe 14 Juni 2024, katika kesi ya Campos-Chaves, liliulizwa swali lingine: aliyeamriwa kufukuzwa kwa kesi iliyosikilizwa yeye hayupo anaweza kuifuta amri hiyo kwa kuwa karatasi ya kwanza haikuwa na tarehe? Majaji 5 dhidi ya 4, Jaji Samuel Alito akiandika, walisema hawezi ikiwa alipewa taarifa ya pili yenye tarehe ya kikao alichokikosa. Hata Jaji Neil Gorsuch, mhafidhina, alikaa upande wa wapinzani. Hoja ilikuwa na nguvu, lakini ilishindwa, na wewe barua ya pili unayo mkononi.

Usipotokea, jaji atatoa amri ya kukuondoa bila kukusikia, na kwa miaka 10 utafungiwa nafuu kadhaa ambazo zingekufaa. Kwa sababu nzito, kama ugonjwa mkubwa, una siku 180 tu za kuomba kesi ifunguliwe tena. Ukihama nyumba, peleka fomu EOIR-33 mahakamani ndani ya siku 5. Kuiambia idara ya uhamiaji peke yake hakutoshi, maana mahakama ni ofisi nyingine kabisa. Watu wengi hukwama hapo: barua inakwenda kwenye anwani ya zamani waliyoiandika wenyewe, na sheria inahesabu kwamba wamearifiwa.

Na huyo jamaa mwulize leseni yake ya uwakili, au kibali cha Wizara ya Sheria cha kuwawakilisha wahamiaji. Kama hana hata kimoja, ni wakili kishoka na ushauri wake ni kosa kisheria. Mkono wake hautakuwemo kwenye amri ya kukufukuza.

Mimi ni raia wa Marekani, mume wangu yuko Mombasa. Ubalozi Nairobi umemnyima viza kwa maelezo ya mstari mmoja. Nimeambiwa raia ana haki ya kikatiba ya kuishi na mwenzi wake. (Dada, Seattle)

Pole sana, dada. Aliyekuambia hivyo hajasoma kesi ya Muñoz ya tarehe 21 Juni 2024. Mwanamke raia wa Marekani, yeye mwenyewe wakili, alikuwa na mume raia wa El Salvador. Ubalozi ulimnyima mume viza ukimshuku kuwa na uhusiano na genge la MS-13, na michoro ya mwilini mwake ikaingia kwenye mabishano. Kwa majaji 6 dhidi ya 3, Mahakama ilisema ndoa ni haki, lakini haki hiyo haizai haki ya kikatiba ya mwenzi mgeni kuingizwa nchini. Uamuzi wa afisa wa viza kwa kawaida haukaguliwi na mahakama.

Hukumu hiyo naiona kali mno, maana inamfanya raia achague kati ya nchi yake na nyumba yake. Lakini ndiyo iliyopo. Basi acha kufikiria kesi kwanza, soma ule mstari mmoja. Kama umetajwa kifungu 221(g), mara nyingi tatizo ni nyaraka pungufu au uchunguzi usiokwisha. Kama ni kifungu kingine, mwulize wakili kama kina msamaha wa kuombewa. Vipo vyenye msamaha, na watu hawaombi kwa sababu hawakuuliza.

Naongeza ambalo hukuuliza, kwa faida ya wengine. Ndoa za karatasi bado zinauzwa, na ninawajua wanaozisifia. Katika kesi ya Bouarfa, Desemba 2024, ombi la mke raia kwa ajili ya mumewe lilikubaliwa, kisha miaka miwili hivi baadaye idara ikaja na madai kwamba ndoa ya awali ya huyo mume ilikuwa ya kukwepa sheria. Ombi likafutwa. Majaji wote 9 walikubaliana kwamba ufutaji huo uko kwenye hiari ya serikali na mahakama haziwezi kuupitia. Mwenye kushukiwa ndoa moja ya uongo anaburuza doa hilo hadi kwenye ndoa yake ya kweli.

Mahakama itaifuta lini marufuku ya viza kwa Warundi? (Bujumbura)

Usiweke matumaini hapo. Burundi iliingizwa kwenye orodha ya masharti ya viza Juni 2025, chini ya kifungu 212(f) cha sheria ya uhamiaji, kinachompa Rais uwezo wa kuzuia wageni kuingia nchini. Kwa kifungu hichohicho majaji 5 dhidi ya 4 waliiachia serikali nafasi pana sana mwaka 2018, kesi ya Trump dhidi ya Hawaii.

Nafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Meneja ananinyima ruhusa ya swala ya Ijumaa, anasema hata usumbufu mdogo unamtosha kukataa. (Columbus, Ohio)

Meneja wako anasoma sheria ya jana. Tangu 1977 mahakama nyingi zilikuwa zikisema mwajiri anaweza kukataa kwa gharama kidogo tu. Tarehe 29 Juni 2023, kesi ya Groff, mfanyakazi wa posta Mkristo wa Pennsylvania alilalamika kulazimishwa kazi ya Jumapili. Majaji wote walikubaliana: ili akatae, mwajiri aonyeshe kwamba mzigo ni mkubwa kwa kuangalia biashara yake nzima. Chuki ya wafanyakazi wenzako dhidi ya dini yako haihesabiwi kuwa mzigo.

Mkristo ndiye aliyeenda mahakamani, na kinga ni ya Mwislamu vilevile. Nawaambia hivi wanaoniandikia kwa hasira kila mwenye dini nyingine anaposhinda.

Mwajiri awe na wafanyakazi 15 au zaidi. Omba kwa maandishi, taja dakika unazohitaji, pendekeza namna ya kuzifidia au kubadilishana zamu. Ukinyimwa, lalamika tume ya usawa kazini, EEOC, ndani ya siku 180, au 300 kwenye majimbo yenye chombo chake. Usisuse kazi kabla ya hapo. Wengi hutoka kwa hasira Ijumaa, Jumatatu wanafukuzwa kwa utoro, na kesi ya dini inageuka kuwa kesi ya utoro.

Tumeshinda vitabu vya mashoga shuleni! Je, naweza kudai viondolewe kabisa? (Mzazi, Silver Spring, Maryland)

La. Kesi ya Mahmoud ya tarehe 27 Juni 2025 imetoka kaunti yako hiyohiyo ya Montgomery, na wazazi Waislamu na Wakristo walisimama pamoja. Waliomba kuarifiwa mapema na kuwatoa watoto wao darasani vitabu hivyo vinaposomwa. Majaji 6 dhidi ya 3 waliwapa hilo wakati kesi inaendelea. Mtoto wa jirani ataendelea kusoma.

Mahakama imehalalisha kusimamisha watu kwa lafudhi? (Dereva wa teksi, Los Angeles)

Swali zuri, na hapa hata wanasheria wanavurugana. Julai 2025 Jaji Maame Frimpong alikataza maafisa wa uhamiaji katika eneo lenu kumsimamisha mtu kwa kutegemea mambo manne tu: sura ya asili yake, Kihispania au Kiingereza chenye lafudhi, mahali alipo, na aina ya kazi. Tarehe 8 Septemba Mahakama ya Juu ilisitisha katazo hilo wakati rufaa inaendelea. Walio wengi hawakutoa sababu yoyote. Jaji Brett Kavanaugh aliandika peke yake kwamba asili ya mtu pekee haitoshi, ila inaweza kuwa mojawapo ya mambo ya kuangalia. Majaji watatu walipinga.

Kwa hiyo ni amri ya muda, na kesi yenyewe haijaamuliwa kwayo. Napinga vikali mahakama kugusa maisha ya maelfu bila kueleza kwa nini. Ukisimamishwa, usikimbie, usidanganye, usitie saini usichokielewa, na una haki ya kukaa kimya. Mgeni mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea anatakiwa kisheria kubeba hati yake ya usajili, kwa hiyo grini kadi isibaki kabatini.

Ni kweli vyuo vya Marekani haviruhusiwi tena kupokea weusi? (Mwanafunzi, Kisumu)

Si kweli hata kidogo, na tafadhali acheni kusambaza hili. Hukumu ya 2023 dhidi ya vyuo vikuu vya Harvard na North Carolina ilikataza kumpa mwombaji alama kwa rangi yake. Mahakama hiyohiyo iliruhusu mwombaji aeleze jinsi rangi ilivyogusa maisha yake. Omba.

Nimechelewa kodi ya nyumba. Kaunti ikiiuza itachukua pesa zote? (Minneapolis)

Haiwezi kubaki na ziada. Kesi ya Tyler ya 2023 ilitoka kwenye kaunti yako ya Hennepin: mama wa miaka 94 alidaiwa takriban dola 15,000, kaunti ikauza nyumba yake kwa dola 40,000 na kubaki na zote. Majaji wote 9 walisema kuchukua ziada ya dola 25,000 ni kutwaa mali ya mtu bila fidia. Deni linabaki deni, na nyumba bado inauzwa. Nenda kaunti ukaombe kulipa kwa awamu kabla tarehe haijapita.

Mwanangu alisimamishwa na polisi akiwa na gari langu, wakakuta bangi. Gari limeshikiliwa miezi sasa. Nasikia lazima nisikilizwe haraka. (Mama, Birmingham, Alabama)

Mama, hicho ndicho walichoomba wenye magari katika kesi ya Culley, nayo ilitoka Alabama kwako, kwa kisa kinachofanana na chako: gari la mama, mtoto, bangi. Tarehe 9 Mei 2024 majaji 6 dhidi ya 3 waliwakatalia. Katiba inadai kikao cha kutaifisha kifanyike kwa wakati unaofaa, lakini haidai kikao kingine cha awali cha kuamua nani akae na gari kwa sasa. Mwenye gari katika kesi ile alisubiri miezi 20. Wewe usikae kungoja: jibu madai ya serikali kabla muda uliopewa haujaisha, na peleka ushahidi kwamba hukujua gari litatumikaje. Alabama inamlinda mwenye mali asiyejua, lakini lazima ajitokeze kusema.