Re: Opera inanichosha, tamthilia za nyimbo nazipenda. Sikio langu lina kasoro?

Jambo ndugu, nakusalimu toka Lubumbashi. Umesema umejaribu opera, ule mchezo wa jukwaani unaoimbwa na okestra, mara tatu kwenye simu na kila mara umeizima kabla ya nusu saa, lakini tamthilia za nyimbo (zile wanazoziita "musical") unazimaliza. Sikio lako halina kasoro.

Kwanza angalia ulisikilizia nini. Mwimbaji wa opera kwa desturi haimbi na mikro (kipaza sauti). Sauti yake peke yake inavuka okestra nzima. Spika ya simu inaiua nguvu hiyo, inabaki kelele. Mimi niliichukia kwa miaka, mpaka nilipoazima spika kubwa za kwaya yetu. Ile sauti ilinigusa kifuani kama soprano zetu wanapoimba kanisani umeme ukikatika! Tamthilia ya nyimbo, kwa kuwa siku hizi waimbaji wake huvaa mikro, haipotezi sana kwenye simu.

Pili, lugha. Kama ulianza na opera ya Kiitaliano, jaribu Carmen, opera ya mtunzi Bizet. Ni ya Kifaransa, tulichosoma shuleni, na ilipotoka Paris mwaka 1875 ilikuwa na mazungumzo ya kawaida kati ya nyimbo. Anza na tendo la kwanza tu.

Tena Les Misérables, ambayo ni tamthilia ya nyimbo, karibu yote huimbwa. Basi kama uliimaliza, kuimbiwa mfululizo hakukushindi.

Opera jukwaani sijaiona bado, ni kwenye video tu. Na hata leo, jioni nikichoka, nachagua tamthilia ya nyimbo. Carmen naiwekea Jumapili mchana.