Kabla ya kamera tafuta vitabu: nilivyojifunza kutengeneza filamu nikiwa Mtwara

Wadau habarini. Wiki hii nimeulizwa swali lilelile mara mbili, mara ya kwanza na kijana niliyekutana nae stendi ya Mkanaledi, mara ya pili na mwingine wa Masasi alienipigia simu usiku. "Kaka shikamoo, nataka kuanza kutengeneza filamu, ninunue kamera gani?" Wote niliwajibu usinunue kamera, hiyo simu yako inatosha kabisa kuanzia, hela uliyotenga kwa ajili ya kamera toa kidogo utafute vitabu vitatu vinne usome kwanza. Yule wa Masasi akanyamaza, nikahisi ameona namkatisha tamaa, ndo maana naandika hapa kwa kirefu ili aelewe sio hivyo.

Mimi nilianza na kamera. Baba alinipa sehemu ya hela ya korosho, nikaitunza mpaka mwezi wa 6, nikakodi kamera na taa kutoka Dar siku nne, watu tulikua 11 na wote wanakula, bajaji za kwenda na kurudi, nikaenda kushutia Shangani ufukweni kwasababu nilikua napenda bahari inavyoonekana nyuma ya mtu. Stori ilikua ya kijana na baba yake wanagombania shamba. Sasa anaeishi huku anajua mwezi wa 6 upepo wa kusi unavyopiga, na maiki tuliyokua nayo ni ileile iliyopo kwenye kamera. Nilipofungua kwenye laptopu sikusikia neno hata moja, ni upepo tu mwanzo mpaka mwisho, midomo inacheza. Nikaweka maandishi chini ili angalau watu wasome, nikamuonesha mama mdogo, akaangalia yote kwa heshima alafu akaniuliza, "Mwanangu, huyu kijana kwani alikua anataka nini?" Sikua na jibu. Niliumia sana ile siku, na kilichoniuma zaidi sio upepo, ni lile swali la mama mdogo, maana upepo ni bahati mbaya lakini stori niliiandika mwenyewe.

Kitabu cha kwanza kukipata baada ya hapo ni Rebel Without a Crew cha Robert Rodriguez, mtengeneza filamu wa Marekani, ndugu yangu alikikuta kwa wauza vitabu vya mtumba Dar akanitumia kwa basi. Kilitoka 1995, kimeandikwa kama shajara, siku baada ya siku, jinsi alivyotengeneza filamu yake ya El Mariachi kwa dola 7,000 hivi. Kingereza chake ni cha kuongea, ukikwama neno unaruka unaendelea na bado unaelewa. Hela alipata kwa kujitolea kwenye majaribio ya dawa, akalala humo ndani mwezi mzima, na skripti akaiandika humohumo. Alafu akaenda kushuti mji mdogo wa mpakani Mexico, hana kruu, yani watu wa kumsaidia kushuti, kamera anashika mwenyewe.

Kuna vitu viwili mle ndani vilivyonibadilisha. Cha kwanza ni hiki, yeye hakuandika stori alafu akaanza kutafuta vitu, alianza kwa kuhesabu vitu ambavyo tayari anaweza kuvipata bure, kuna mbwa, kuna basi, kuna kasha la gitaa, kuna baa, alafu akatunga stori inayokaa ndani ya vitu hivyo. Mimi nilikua nafanya kinyume, naandika polisi wanne na gari mbili alafu naanza kuhangaika kuazima gari. Nikachukua daftari nikaandika vyangu: mikorosho ya baba, baiskeli, ngalawa ya binamu yangu, ghala la mjomba lenye dirisha moja, mizani ya kupimia korosho, magunia. Nilipofika kwenye mizani nikasimama. Kwasababu kila mtu huku anajua mizani inavyoweza kugombanisha watu, mkulima anapima nyumbani kilo hizi, akifika kwa mpimaji zinakua nyingine. Stori ikaja yenyewe, kurasa 9, watu watatu, ghala moja, na huyu mtu sasa anajulikana anataka nini, anataka gunia lake lipimwe tena.

Cha pili ni sauti. Kamera aliyotumia Rodriguez ilikua haiwezi kushuti sauti pamoja na picha, kwaiyo akimaliza kushuti sini, yani kipande kimoja cha stori, anawambia waigizaji warudie maneno yao palepale, anawasogezea maiki karibu na mdomo, anarekodi kwenye kaseti, alafu wakati wa kuedit anaunganisha. Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Yani ningejua hili mwaka mmoja kabla, ile filamu ya Shangani ingepona. Siku hizi hata kama sauti imetoka vizuri bado nawaambia waigizaji warudie, tunaingia ndani ya gari au nyuma ya ukuta, simu ya pili nikiivalisha soksi dhidi ya upepo, wanasema mistari yao mara mbili wakiwa bado wana hasira za ile sini. Usiwaache mpaka jioni, ile pumzi inakua imeshapotea. Na rekodi pia dakika moja ya kimya cha mahali penyewe, ndege, mawimbi, chochote, utaihitaji kuziba mapengo.

Kwa upande wa uandishi watu wengi watakwambia usome Syd Field, Screenplay, cha 1979, na Blake Snyder, Save the Cat, cha 2005. Visome, ila usikae hapo sana. Field atakufundisha ukurasa mmoja ni kama dakika moja, na stori iwe na sehemu tatu, mwanzo, makabiliano na suluhisho, na hilo la ukurasa kwa dakika ni la maana mno kwa mtu wa bajeti ndogo maana ukishaandika kurasa 40 ujue umejipangia siku nyingi za kulisha watu. Snyder ana hatua zake 15 za stori, na ana msisitizo mzuri kwamba uweze kuisema stori yako kwa sentensi moja kabla hujaandika. Lakini wote wawili wanawaza filamu ya masaa mawili ya Hollywood, sasa we una dakika 10, ukianza kubana hatua 15 mle ndani mtu hapati hata nafasi ya kupumua. Chukua ile sentensi moja na ule ukurasa mmoja, mengine yatakuja ukikua.

Kwenye mazungumzo, na hapa naomba mnisikilize vizuri, mwalimu wangu hakutoka Marekani kabisa. Ni Ebrahim Hussein, mtu wa Kilwa, mkoa wa Lindi hapahapa, na tamthilia yake Kinjeketile ya 1969. Najua wengi mliisoma shuleni kwa ajili ya mtihani mkaiacha. Irudieni kama waandishi. Ni stori ya Majimaji, vita kubwa ya 1905 mpaka 1907, mtu mwingine angeanza na mapigano na risasi, lakini yeye anaanza na kina mama wawili wanaongea habari za njaa na chakula, kawaida tu kama wanavyoongea majirani wetu, na kwenye yale maongezi we msomaji unajua tayari maisha ya hawa watu yamekabwa, hakuna mtu aliesimama kukuhutubia. Hiyo inaitwa kutoa taarifa bila kuonekana unatoa, na vile vitabu vya kingereza vinatumia sura nzima kuelezea kitu hicho. Na angalia Kinjeketile mwenyewe, ugomvi wake mkubwa sio na Mjerumani tu, ni yeye na lile neno alilolileta, kwamba maji yatawakinga na risasi, watu wameshalishika kuliko alivyolishika yeye. Mhusika wa namna hiyo huhitaji bajeti kumshuti, unahitaji uso mmoja na mwanga wa dirishani. Kitabu chenyewe sio cha kutafuta kwa taabu, kwenye shule na maktaba kipo, na ni kiswahili, kwaiyo hakuna kisingizio.

Skripti zetu nyingi zinakufa hapo kwenye mazungumzo. Mtu anaingia anasema "mke wangu mpendwa tulieoana miaka mitano iliyopita", nani anaongea hivyo nyumbani kwake? Mimi nikimaliza kuandika sini naisoma kwa sauti mbele ya mtu ambae hajui stori, akianza kuangalia pembeni nafuta.

Kwenye kuongoza, kitabu ninachokiheshimu ni Making Movies cha Sidney Lumet, nacho cha 1995. Huyu alikua daireka, yani muongozaji, mkubwa mwenye hela za studio, unaweza kujiuliza atanisaidia nini mimi wa Mtwara. Atakusaidia kwasababu filamu yake ya 12 Angry Men ya 1957 karibu yote ipo ndani ya chumba kimoja, wanaume 12 na meza. Anaeleza alivyofanya: theluthi ya kwanza kamera iko juu ya usawa wa macho, theluthi ya pili usawa wa macho, ya mwisho iko chini inaangalia juu mpaka dari linaanza kuonekana, na lensi nazo anazidi kuzivuta ili kuta zionekane zinawasogelea watu. Mtazamaji hajui kimefanyika nini ila anaanza kusikia joto. Nikaifanya kwenye ghala la mjomba na simu, mwanzo nimepanda juu ya magunia, mwisho nimelala chini kwenye vumbi. Haikunigharimu hata shilingi. Watu walioiona waliniambia lile ghala mwishoni lilikua kama linapungua.

Na cha kuedit ni kimoja tu, In the Blink of an Eye cha Walter Murch, aliyefanya kazi kwenye filamu ya Apocalypse Now. Kidogo, unakimaliza siku mbili. Anasema wakati wa kukata shoti, yani kipande kimoja cha picha, kuna vitu sita vya kuangalia, na hisia peke yake anaipa asilimia 51, stori 23, mdundo 10, na vile vitu ambavyo sisi tunagombania sana, kama mtu alikaa kulia au kushoto, anaviweka mwishoni kwa asilimia chache. Maana yake kama uso wa muigizaji ni wa kweli kwenye ile shoti, iweke hata kama kikombe kilikua mkono mwingine. Pia anaongelea kupepesa macho, kwamba mtu anapepesa pale wazo lake linapokamilika, na mara nyingi hapo ndo pa kukata. Baada ya kusoma nilienda kukaa barazani na wazee nikawa naangalia macho yao tu wakisimulia, na ni kweli, mtu anamaliza jambo, macho yanafunga kidogo, anaanza lingine. Saivi naedit hivyo.

Kuna mambo vitabu vya wenzetu havitakwambia kwasababu vimeandikwa kwao. Wanasema shuti fremu (picha) 24 kwa sekunde, lakini umeme wao Marekani ni hezi 60, yani unapiga mara 60 kwa sekunde, wetu ni 50, kwaiyo chini ya tyubu laiti na balbu nyingi za bei rahisi picha itakua inachezacheza. Weka fremu 25 na shata, ule muda kila fremu inapokea mwanga, iwe sehemu moja ya 50 ya sekunde, imeisha hiyo. Jua nalo, mwisho wa mwezi wa 10 na mwezi wa 2 saa 6 mchana linakaa juu ya utosi kabisa huku kwetu, macho ya muigizaji yanageuka mashimo meusi. Shuti saa 12 na nusu asubuhi mpaka saa 3, kisha rudi kwenye saa 10 jioni, katikati ingieni chini ya mkorosho, mmoja ashike shuka jeupe kurudisha mwanga usoni. Na jioni usizubae, jua letu likishaanza kushuka linashuka kweli, hamtapata lisaa la dhahabu, ule mwanga laini kabla jua halijazama, refu kama wanavyolisifia wao. Ukitaka filamu yako ionyeshwe kwa watu, mambo ya vibali fuatilia Bodi ya Filamu mapema kabla hujashuti, ofisi ya utamaduni ya wilaya watakuelekeza.

Kuhusu kingereza, msiogope. Sisi tulikua wanne, kila mtu anachukua sura moja anasoma na kamusi wiki nzima, jumamosi tunakutana kila mmoja anaelezea yake kwa kiswahili, na sheria yetu ilikua ukimaliza kuelezea lazima ushuti dakika moja ya kile ulichosoma kabla ya jumamosi nyingine. Ambae hakushuti hapewi sura mpya. Bila hiyo sheria tungekua na maneno mengi na hatuna filamu hata moja.

Ukiwa na hela ya kitabu kimoja tu anza na Rodriguez. Cha Murch saivi kipo Newala kwa jamaa anaeedit harusi, akirudisha kinaenda Masasi kwa yule kijana. Nilimwambia wakati anasubiri aniandikie vitu alivyonavyo kwao, jana usiku katuma: cherehani ya mama, pikipiki ya kuazima siku za jumapili, bibi ambae haogopi kamera, na chumba kimoja chenye dirisha linaloangalia mashariki.