Maswali ya wasomaji: "Kufa ni faida", faida ipi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Nauza viazi Uyole, Mbeya. Semina moja tulifundishwa kuwa "faida" ya Wafilipi 1:21 kwa Kigiriki ni kerdos, yaani riba inayozaliwa na fedha iliyowekwa benki. Ni kweli?

JIBU: Amina. Neno ni hilo, ila riba siyo. Riba inaitwa tokos, na asili yake kweli ni kuzaa. Iko Mathayo 25:27, bwana anapomkaripia mtumwa aliyefukia talanta. Hapo pia Biblia ya Union Version imeandika "faida", na huenda ndipo maneno hayo mawili yalipogongana.

Kerdos ni kile kinachobaki mkononi baada ya kutoa gharama. Tuseme umechukua gunia Isyonje kwa 60,000, gari 6,000, kupakia na kushusha 2,000, ushuru 2,000. Ukiliuza 85,000, ile 15,000 ndiyo kerdos. Soko likianguka ukaliachia kwa 65,000, ile 5,000 iliyokatika ni zēmia, hasara. Paulo anayatumia yote mawili katika Wafilipi 3:7, na hapo Kiswahili kinatuficha jambo. "Faida" haibadiliki, iwe moja au kumi. Kigiriki kinabadilika: kerdē, faida, ziko katika wingi, lakini zēmia iko katika umoja. Rudi mstari wa 5 na 6 uone orodha yake: tohara siku ya nane, kabila la Benyamini, Ufarisayo, bidii, haki ya sheria. Kila kimoja kilikuwa na mstari wake katika daftari, upande wa faida. Sasa vyote vimejumlishwa vikawa hasara moja.

Kitenzi chake, kerdainō, ndicho kinachowaponyoka wengi, kwa sababu Biblia yetu mara nyingi inakitafsiri "kupata". Na sisi tunapata kila kitu: tunapata homa, tunapata wageni. Harufu ya biashara inapotea. "Umempata nduguyo" (Mathayo 18:15) ni kerdainō: ndugu uliyekuwa unaelekea kumpoteza amerudi upande wa faida. Katika 1 Wakorintho 9:19–22 kitenzi hicho kimerudiwa mara tano. Katika Wafilipi 3:8, "ili nipate Kristo" ni hichohicho, kwa hiyo hesabu ya mstari wa 7 bado inaendelea.

Kwa hiyo usifuate neno "faida" la Kiswahili ukidhani umefuata kerdos. Chukua konkodansi (kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mistari yaliyomo) yenye namba za Strong, ambazo hulipa kila neno la asili namba yake: kerdos ni 2771, kerdainō ni 2770. Nomino utaikuta mara tatu tu katika Agano Jipya: Wafilipi 1:21, 3:7 na Tito 1:11. Hiyo ya Tito ni "mapato ya aibu", ya walimu wanaofundisha yasiyofaa, na aibu hiyo inabebwa na kivumishi kilicho mbele yake. Kerdos peke yake haisemi kama faida ni safi au chafu.

Utasikia pia kwamba kerdos maana yake ni hila. Kwa Homer, mshairi wa Kigiriki wa kale, wingi wake unaweza kumaanisha hivyo, na mbweha akaitwa kerdō (sungura wetu angelistahili jina hilo kuliko yeye). Ila hayo ni mashairi ya karne nyingi kabla ya Paulo, usiyapachike Wafilipi.

SWALI: Na 1 Timotheo 6:6, "utauwa pamoja na kuridhika ni faida kubwa", nayo ni kerdos? Msomaji, Makambako.

JIBU: Hapana. Hiyo ni porismos, namba 4200, njia ya kujipatia kipato. Mtaani tungesema mradi. Imo mstari wa 5 na wa 6 tu. Wapotoshaji wanaufanya utauwa mradi, naye Paulo anawarudishia neno lao: mradi mkubwa upo kweli, ila ukiwa na autarkeia, moyo wa mtu anayetosheka na alicho nacho. Mstari wa 8 unakitaja: chakula na nguo.