Jibu: Pampu inawaka na kuzima kila baada ya sekunde chache

Mkuu, hongera kwa kupewa ufundi mkuu wa jengo. Umesema pampu ya maji inawaka na kuzima kila baada ya sekunde chache, na mwenye jengo keshaulizia bei ya pampu mpya. Mwambie asubiri kwanza. Mara nyingi pampu haina kosa, tangi la presha (lile lenye mpira na upepo ndani, linalotunza msukumo wa maji) ndilo limeishiwa upepo.

Zima pampu kwenye breka (swichi yake ya umeme), piga kufuli, ufunguo uwe mfukoni mwako (si kwa mlinzi!). Fungua bomba mpaka presha ya maji iishe kabisa, kisha pima upepo wa tangi kwa geji ya matairi. Unatakiwa uwe chini ya presha ya kuwashia kwa psi 2 hivi (psi ndicho kipimo cha presha kwenye geji): pampu ikiwaka kwenye 30, jaza 28. Ukibonyeza valvu ya upepo ikatema maji, mpira wa ndani umepasuka. Upepo ukiwa sawa, kagua valvu ya kuzuia maji kurudi, au tafuta panapovuja.

Kuhusu hao mafundi wanne waliokuzidi umri, ulioulizia namna ya kuwaongoza, mimi nilianza na daftari: tarehe, mashine, kilichobadilishwa, nani kafanya. Walininunia karibu mwezi mzima. Siku kazi ya mmoja wao ilipolaumiwa bure, daftari ndilo lililomtetea, na tangu hapo wanaliulizia wenyewe.

Na jenereta la dizeli usilijaribu tupu kila wiki. Lipe mzigo wa umeme wa kuendesha, la sivyo ekzosi itajaa masizi na mafuta yasiyoungua.