Kabla ya Kununua Miche ya Waridi, Tafuta Njia ya Zamani

Sururu iligonga tofali futi moja hivi chini ya nyasi, na kijana aliyekuwa akichimba akaniita. Mkononi nilikuwa na mchoro wa bustani nilioutolea jasho wiki nzima: duara kubwa katikati na miwaridi mekundu kulizunguka, kama kipilefti cha mjini. Tulipozidi kufukua tukaikuta njia ya matofali ya kuchoma, imenyooka kutoka mlango wa mbele hadi ukingoni mwa shamba la chai. Mchoro nikaukunja.

Nyumba ile iko Mufindi, mkoani Iringa, imebaki tangu enzi za Mwingereza: kuta nene, baraza ndefu, dohani mbili. Ukipewa kazi kwenye nyumba ya namna hiyo, kwanza kaa barazani. Kaa asubuhi, kaa jioni. Simama mlangoni, kisha kwenye kila dirisha kubwa, uone macho yanakwenda wapi. Huko ndiko njia ipite. Angalia na kivuli: mwezi Juni jua liko kaskazini yetu, kwa hiyo upande wa kusini wa nyumba hukosa jua, na mwaridi unataka jua kwa muda wa saa sita kila siku.

Njia yetu tuliipanua ikafika mita 1.5, toroli ipite na wageni wawili watembee bega kwa bega. Vitanda vya kila upande tuliviachia upana wa mita 1.2. Ukizidisha hapo, utapalilia ukiwa umeingia ndani, na miiba haina adabu.

Sasa udongo, maana hapa ndipo pesa za watu hupotelea. Chai hustawi kwenye udongo wenye tindikali, pH 4.5 hadi 5.5 (namba ikipungua, tindikali imezidi). Waridi linataka 6 hadi 6.5. Yaani udongo uleule unaoitajirisha Mufindi unaudumaza mwaridi. Peleka udongo maabara ukapimwe, kisha changanya chokaa ya kilimo ya kupunguza tindikali mapema, miezi kadhaa kabla ya kupanda. Shimo liwe sentimita 50 kila upande, na samadi iwe imeoza kabisa. Ile inayotoa mvuke itakuunguzia mizizi. Panda mvua zikishakolea, mche hadi mche sentimita 80 au zaidi. Ukungu wa kwetu unakaa siku nzima, na miwaridi iliyobanana hushikwa na madoa meusi majani yote yakapukutika.

Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi katika shamba lile alipita tukipanda. "Kamwene," akasalimu, akatazama bondeni nilikopanga vitanda vya mwisho. "Mwanangu, hapo baridi hulala." Nikamshukuru, nikaendelea. Tena mwenye nyumba alikuwa na shughuli mwezi Julai na alitaka maua, kwa hiyo mwishoni mwa Mei nikapogoa. Machipukizi yakatoka mororo, mekundu. Asubuhi moja ya Juni nikayakuta meusi, yamelegea kama mchicha uliochemshwa. Baridi huteremka kama maji na kutuama bondeni. Mzee alijua, mimi nilikuwa na futi kamba tu. Siku hizi napogoa Agosti, baridi ikishaanza kukata, na maua huja baada ya wiki sita hadi nane.

Kuhusu aina, usihangaike mno na ukale. 'Peace' ilitoka mwaka 1945, 'Iceberg' mwaka 1958, huenda nyumba ni ya zamani kuliko zote mbili, na hakuna atakayekukamata. Omba pia vipandikizi kwenye bustani za misheni, vya unene wa penseli. Waridi linalotambaa kwenye nguzo za baraza, lifunge matawi yake yalale. Yakisimama wima yatachanua kileleni tu, uyaone ukipanda ngazi.

Jambo jingine ni maotea. Miche mingi ya kununua imebebeshwa, yaani waridi limeunganishwa juu ya shina la mwaridi mwingine, na fimbo inayochomoza chini ya kiungo ni ya shina la chini, siyo ya waridi ulilolipia. Fukua, ing'oe kwenye chimbuko lake. Ukikata juu juu inarudi na wenzake. Mimi moja niliiona nzuri nikaiacha. Sasa chini ya dirisha la jikoni kuna kichaka kikubwa chenye maua madogo, mwenye nyumba anakipenda kuliko vyote, na bado sijamwambia.