Ukulele mpya kupoteza tyuni si ubovu

Dada, usiirudishe dukani hiyo ukulele yako, kile kigitaa kidogo cha nyuzi nne. Umesema umeinunua juzi na kila ukimaliza kuityuni, yaani kukaza nyuzi hadi zitoe sauti sahihi, baada ya dakika kumi sauti zimeshuka tena. Nyuzi za nailoni zikiwa mpya huendelea kuvutika kwa siku kadhaa kabla ya kutulia. Zivute taratibu kwa kidole, mmoja mmoja, kisha tyuni upya, na ufanye hivyo kila unapoishika.

Mpangilio wa kawaida wa noti za nyuzi ni G, C, E, A, ukianzia uzi ulio karibu na kidevu chako. Usishtuke kusikia sauti ya G iko juu kuliko ya C inayoifuata. Ndivyo ukulele nyingi zilivyo, na mlio wake mtamu unatokana na hapo. Wanaotoka kwenye gitaa hudhani ni kosa, wakailegeza bure.

Kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya kwanza iwe C: kidole cha pete, freti ya tatu ya uzi wa A, basi; freti ni zile nafasi kati ya vyuma shingoni mwa ukulele, zikihesabiwa kutoka upande wa vikazio. Am (A ndogo, "A minor") ni kidole cha kati, freti ya pili ya uzi wa G. Sasa kiache hapo hapo, ongeza cha shahada kwenye freti ya kwanza ya uzi wa E, tayari una F. Mimi ningekaa na hizo tatu wiki nzima, dakika 15 kila siku, polepole sana, mkono unaopiga usisimame hata vidole vya kodi vikichelewa. Kodi ya G inahitaji vidole vitatu, ingoje kwanza.